KUTOKA KILIMA CHA KIBULI HADI BAHARI YA MOMBASA
Safari fupi ya vizazi vitatu, na historia iliyomo njiani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, kila likizo inapokaribia, suala linalotufikia sana pale madrasa ni hili: familia ikijaaliwa akiba kidogo, na wazee wangali na nguvu za kusafiri, iende wapi kwa siku tatu au nne ili babu, wazazi na wajukuu wote wafaidike? Wengi hujibu haraka: Mombasa. Na wengi katika hao wakirudi huwa wameleta picha za ufukwe, madafu na mchanga ndani ya viatu, basi. Hatulaumu, kwani kupumzika ni neema na kuwafurahisha watu wa nyumbani kuna ujira. Lakini mtoto wa Kiislamu wa Uganda akifika pwani asielezwe chochote, atakuwa amesimama mbele ya mlango ambao babu zake walipitia, naye asijue kuwa ni mlango.

Kwa hivyo katika makala haya tumependa kueleza historia ya njia baina ya kilima chetu na bahari, kisha tupendekeze namna ya kuzipanga siku tatu ili kila kizazi kipate sehemu yake. Jambo hili lina haraka. Wazee walioifahamu Mombasa ya zama za treni wanapungua kila mwaka, na wanapoondoka huondoka na walichokijua.

UISLAMU ULIKUJA KWA NJIA GANI?

Tukiwauliza watoto darasani Uislamu ulifikaje Buganda, husema, "Waarabu waliuleta kutoka Mombasa." Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na ni vizuri kulisahihisha kabla ya kupanda basi.

Mgeni wa kwanza wa Kiislamu anayetajwa kwa jina katika kasri la Kabaka ni Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844. Wafanyabiashara wa zama hizo hawakupitia Mombasa na nchi ya Wamasai. Misafara yao iliondoka pwani iliyo mkabala na Zanzibar, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikageuka kaskazini kupitia Karagwe, mpaka ikaingia Buganda. Ilikuwa safari ya miezi mingi kwa miguu, mizigo ikiwa juu ya vichwa vya watu. Riwaya mashuhuri inasimulia kuwa Ahmed bin Ibrahim alimwona Suuna akiamuru watu wauawe, akasimama na kumwambia kuwa watu hao wameumbwa na Allah, na kwamba yeye Kabaka pia ameumbwa na Allah. Wazazi, simulizi hii ni mali. Mgeni aliyekuja kutafuta pembe alithubutu kumkumbusha mfalme kuwa yuko aliye juu yake.

Suuna alifariki mwaka 1856, akatawala mwanawe Mutesa I. Mutesa alisoma, akafunga Ramadhani kuanzia mwaka 1867 kwa miaka kama kumi, na akaamuru watu wake wafuate. Lakini hakutahiriwa, kwani mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Vijana waliokwisha kujifunza dini wakakataa kusali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa na wasiokuwa Waislamu. Mwaka 1876 wengi wao waliuawa Namugongo. Watoto wetu wanaijua Namugongo kwa mashahidi wa Kikristo waliouawa mwaka 1886, na ni haki waijue. Wajue pia kwamba miaka kumi kabla, katika sehemu hiyo hiyo, vijana Waislamu walitangulia.

Mombasa ilikuja baadaye. Misafara ya Waswahili iliyotoka upande wa Mombasa na Pangani ilipita Mumias, kwa Nabongo Mumia, kabla ya kuingia Busoga, na mpaka leo Mumias ina Waislamu wengi wenye asili yao katika mawasiliano hayo. Familia inayopitia Busia haipo mbali na mji huo.

PEMBE, NGUO, NA JAMBO LISILOSEMWA

Misafara ilileta nguo, shanga, kauri, bunduki na vitabu. Ikarudi na pembe za ndovu. Na ikarudi na watu pia.

Tunajua kuwa baadhi ya wazazi huona vigumu kusema hili mbele ya watoto, kwa kuogopa kuwa litaipaka dini matope. Sisi tunaona kinyume chake. Mtoto atalisoma shuleni, au ataambiwa na jirani, na akigundua kuwa mwalimu wake wa dini alimficha, hatamwamini tena hata katika lililo sahihi. Basi tumwambie wazi: wafanyabiashara Waislamu walinunua na kuuza watumwa, na makabaka wa Buganda waliwauza mateka waliowakamata katika mashambulizi dhidi ya majirani zao. Masoko yalikuwa pwani, na soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash akishinikizwa na Waingereza. Dini iliyoufanya ukombozi wa mtumwa kuwa kafara na sadaka ilibebwa na watu ambao wengi wao hawakuitii katika jambo hilo. Mtume (S.A.W.) tunamfuata yeye. Mwenye duka hatukuamrishwa kumfuata.

BAHARI YA UHAMISHO

Kwa kizazi kilichofuata, bahari haikuwa pahala pa kupumzika hata kidogo.

Baada ya vita vya dini vya mwaka 1888 na miaka iliyofuata, Waislamu walioitawala Buganda kwa muda mfupi chini ya Kabaka Kalema walishindwa. Kalema alifariki mwaka 1890, na aliyebaki kuwa kiongozi wao ni Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa. Mwaka 1892 alipatana na Lugard, Waislamu wakapewa saza tatu ndogo: Butambala, Gomba na Busujju. Mwaka 1893, baada ya fujo iliyomhusisha afisa wa Kisudani Selim Bey, wakabakiwa na Butambala peke yake. Mbogo mwenyewe akapelekwa uhamishoni Zanzibar.

Hebu tumfikirie mzee huyu. Mwana wa Suuna, aliyezaliwa kasrini, anasimama pwani mbele ya maji yasiyo na ng'ambo, bila kujua kama ataona tena vilima vya kwao. Alirudishwa mwaka 1895. Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 alitengewa yeye na wafuasi wake maili 24 za mraba, na alibaki kiongozi wa Waislamu mpaka alipofariki mwaka 1921. Mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli ujengwe msikiti tunaousalia leo.

Wafalme wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899, wakapelekwa pwani ya Kismayu, kisha Visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla ya kufika kwao. Kwa hivyo pale mjukuu wako atakapokuwa anaruka mawimbi, mwambie taratibu kwamba maji haya yaliwahi kuwa gereza la wafalme wetu.

RELI ILIYOTUSOGEZA

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901. Kwa miaka thelathini hivi, mtu wa Kampala alikwenda Port Bell, akavuka Ziwa kwa meli hadi Kisumu, ndipo akapanda treni. Mwaka 1931 reli ilivuka Mto Nile pale Jinja ikaingia Kampala. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache, na mtu alilala kitandani akiendelea na mwendo.

Hapo ndipo Mombasa ilipokuwa mlango wetu hasa. Mahujaji walishuka hapo kutafuta meli ya kuelekea Jeddah. Vitabu vya dini vilipanda kwa treni hiyo hiyo. Mwaka 1945 huko Mombasa kukaundwa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo wazee wetu huikumbuka kwa herufi zake, EAMWS. Aga Khan wa Tatu aliahidi kuongeza shilingi moja kwa kila shilingi ambayo Waislamu wangeikusanya kwa ajili ya misikiti na shule, na Badru Kakungulu alikuwa miongoni mwa nguzo zake hapa Uganda. Msikiti wa Kibuli, ambao jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1941, ulifunguliwa mwaka 1951. Katika miaka hiyo hiyo Mombasa ilipata chuo cha ufundi kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kisha njia ikaziba. Mwaka 1976 serikali ya Idi Amin ilidai sehemu za magharibi mwa Kenya, na mpaka ukajaa hofu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli lililokuwa moja likagawanyika. Vikafuata vita vya mwaka 1979 na miaka migumu baada yake. Treni ya abiria ya Uganda ilisimama mwaka 1997.

Hii ndiyo sababu, ndugu zetu, katika nyumba moja ya Kibuli unakuta vizazi vitatu vyenye Mombasa tatu. Jjajja anakumbuka daraja la pili la treni, chai ya asubuhi ikiletwa kwenye behewa, na minazi ya kwanza kuonekana dirishani. Sisi tuliozaliwa karibu na miaka ya vita tuliijua Mombasa kama jina lililoandikwa kwenye makontena. Watoto wetu wanaijua kwa picha za simu. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Mlango umefunguliwa tena. Kilichobaki ni kumpeleka mwenye kumbukumbu pamoja na asiyekuwa nayo, wakae kiti kimoja.

MPANGO WA SIKU TATU

Kwanza safari yenyewe. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kijana ataweza kwenda moja kwa moja, lakini mzee msimkalishe kitini usiku na mchana mfululizo. Laleni Nairobi usiku mmoja, kisha mchukue treni mpya iliyoanza mwaka 2017, ambayo hufika kwa muda wa saa tano au sita na kupita katikati ya mbuga ya Tsavo. Jjajja apewe dirisha. Huenda ndiyo mara ya kwanza tangu ujana wake kuiona nchi hiyo kwa treni, na hapo maneno yatatoka yenyewe bila ya kumhoji. Kijana mmoja wa familia apewe kazi ya kurekodi kwa simu.

Siku ya kwanza: Mji wa Kale. Nendeni asubuhi, au baada ya Alasiri jua likipungua. Vichochoro ni vyembamba, milango imechongwa, na mzee anaweza kupumzika kwenye baraza. Salini katika Msikiti wa Mandhry, ambao tarehe yake inayotajwa ni mwaka 1570, wenye mnara mweupe usiofanana na minara ya kwetu. Mbele yake kuna kisima.

Hapo kaeni mwasimulie watoto habari za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331. Aliandika kuwa watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, wacha Mungu, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Kwamba penye mlango wa msikiti palikuwa na maji, na mtu hakuingia mpaka aoshe miguu. Na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Watoto wa Kibuli hucheka wakisikia habari ya ndizi. Waacheni wacheke, kisha muwaulize: kwa nini nasi tunasali kwa madhehebu ya Shafi? Kwa sababu walimu waliotufikia kwa njia ya misafara walitoka kwenye pwani hii, iliyokuwa juu ya madhehebu hayo miaka mia tano kabla ya Ahmed bin Ibrahim kumwona Suuna. Qunut tunayoisoma Alfajiri pale kilimani ina safari ndefu nyuma yake.

Siku ya pili: Ngome ya Yesu. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498. Wareno wakauchoma mji mwaka 1505, wakaupora tena mwaka 1528 na mwaka 1589, kisha mwaka 1593 wakaanza kuijenga ngome hii kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira, na kwa karibu miezi thelathini na mitatu, njaa na maradhi vikawa vinawaua waliokuwa ndani kuliko mizinga, mpaka Desemba 1698 ilipoanguka. Baadaye ikatawaliwa na Wamazrui, kisha tangu mwaka 1837 na Sultani wa Zanzibar. Waingereza wakaigeuza jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ilikuwa makumbusho mwaka 1962, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Ndani ya ngome hiyo kuna kisa kinachohitaji mwalimu mwenye busara. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme wa Mombasa aliyeuawa, alichukuliwa na Wareno akiwa mdogo akalelewa Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, kisha akarejeshwa kuwa mfalme chini yao. Mwezi Agosti 1631 alimuua kamanda wa ngome, akatangaza kurudi katika Uislamu na kuiteka ngome. Wareno waliokuwemo mjini, na Waafrika waliokuwa wameingia Ukristo, wakauawa wengi, hata wasiokuwa askari. Mwaka uliofuata aliondoka, akamalizia maisha yake baharini.

Watoto wakisikia nusu ya kwanza humpenda. Wakisikia nusu ya pili hunyamaza. Msiwaruke hapo. Muwaulize: mtu aliyedhulumiwa utotoni ana ruhusa gani, na mpaka wake ni upi? Na waliouawa Namugongo, wa 1876 na wa 1886, walitofautiana nini na raia wale wa 1631 waliokufa kwa kung'ang'ania dini yao? Familia za Uganda, ambazo ndani ya ukoo mmoja huwa na Waislamu na Wakristo, zinalihitaji suala hili kuliko wengine. Jjajja mwenye ndugu Mkristo atakuwa na la kusema hapo kuliko sisi walimu.

Karibu na ngome kuna makaburi ya Wamazrui. Amezikwa hapo Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, akafundisha Makerere kuanzia mwaka 1963 mpaka 1973, enzi za Amin zilipomlazimu kuondoka, na akafariki mwaka 2014. Baba yake, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alilolitumia kuwahimiza Waislamu wasome elimu ya dini na ya dunia pamoja. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mitihani asimame hapo aombe dua. Baba aliandika kwa Kiswahili na Kiarabu mjini Mombasa, mwana akawafundisha vijana wa Kampala kwa Kiingereza, na wote wawili walitoka katika nyumba moja ya elimu.

Siku ya tatu: maji. Sasa watoto wapewe bahari yao. Ufukwe wa umma wa Bamburi hauna kiingilio, lakini hujaa watu, hivyo nendeni mapema, na kila mtoto awe na mtu mzima wake. Waelezeni kupwa na kujaa, kwani Ziwa letu la Nalubaale halina mambo hayo kwa kiasi cha kuonekana: maji waliyoyaacha mbali asubuhi yatakuwa miguuni adhuhuri. Mavazi ya heshima hayamzuii mtu kuogelea. Mzee asiyeweza kutembea mchangani asiachwe hotelini peke yake kutazama dari. Apelekwe jioni bustani ya Mama Ngina, penye mibuyu na upepo, aletewe dafu na muhogo wa kuchoma, na ataziona meli zikiingia Kilindini. Mle makontena mliyoyaona yakishushwa Kampala ndimo yanamotokea.

Mkirudi mjini kupitia Nyali, ombeni dereva asimame Kengeleni. Hapo ilisimamishwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Dakika kumi zinatosha. Tulisema juu kuwa jambo hili lisifichwe, na hapa ndipo pa kulionyesha.

LUGHA ILIYOMO NYUMBANI

Kuna faida moja ambayo familia nyingi hazikuitazamia. Wakiwa Mombasa, watoto wanaosoma Kiingereza kizuri hukaa kimya, na Jjajja asiyejua Kiingereza ndiye anayepatana bei, anayeuliza njia, anayesalimiana na wazee wenzake msikitini. Kiswahili chake cha treni na cha biashara kinageuka kuwa ufunguo. Mjukuu aliyezoea kumtafsiria Jjajja barua za hospitali anamwona kwa jicho jipya.

Kiswahili kwetu kina historia nzito. Kabaka Daudi Chwa alikipinga mwaka 1929, wamisionari wengi walikiogopa kwa kukiona lugha ya Uislamu, na baadaye kikahusishwa na askari wenye bunduki. Pamoja na hayo kilijificha ndani ya Luganda: ekitabo, emmeeza, ssabbuuni, omuzikiti, na hata hesabu yetu ya saa. Mwaka 2005 kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto ataona uzito wa uamuzi huo siku atakapomwona Jjajja wake akicheka na muuza kahawa kwa lugha ambayo yeye bado hajaijua.

MAELEZO MAFUPI YA FIKIHI

Kwa madhehebu yetu, anayekusudia kukaa pahala chini ya siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hubaki katika hukumu ya msafiri. Kwa hivyo safari hii ya siku tatu inaruhusu kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Mkisali nyuma ya imamu mkazi, mnatimiza pamoja naye. Mwenye dharura maalumu amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka. Watoto wafundishwe hili kwa vitendo. Wengi wao huijua sala ya msafiri kitabuni tu.

MASUALA YA NJIANI

Tunapendekeza kila familia ichukue daftari moja, na watoto waandike majibu ya wazee:

1. Nani wa kwanza katika ukoo wetu kuwa Mwislamu, na nani alimsomesha?
2. Nani wa kwanza kuiona bahari, alikwenda kwa chombo gani, na kwa shughuli gani?
3. Ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda Hija, na alipitia wapi?
4. Ni jamaa gani wa kwetu walio Wakristo, na tunaishi nao vipi?
5. Ni kitu gani mzee anajuta kuwa hakumuuliza babu yake?

Suala la tano lisiharakishwe. Mara nyingi jibu lake hufungua kisa ambacho nyumba nzima haikuwahi kukisikia, na daftari hilo litakuwa na thamani kuliko chochote mtakachonunua Marikiti.

Familia isiyokuwa na nauli mwaka huu isivunjike moyo. Pandeni kilimani pamoja na mzee baada ya Alasiri, mkae nje ya msikiti, mtazame upande wa mashariki ambako reli inatokea, na muanze na suala la kwanza. Safari ya Mombasa itafuata Allah akijaalia, nayo itakuwa nyepesi kwa kuwa mmekwisha kuianza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu waliotutangulia, wale waliofika na elimu, waliouawa kwa ajili yake na waliouzwa bila ya hatia, awape wazee wetu afya, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye kuuliza na wenye kukumbuka. Aamin.

Wabillahi tawfiq.